Injini ni ile ile: Land Rover yangu ya 1966

Kila anayeingia uani kwangu hapa Pasua, Moshi, akaikuta Land Rover 109 imekaa juu ya magogo huniuliza swali moja: "Mwalimu, injini gani unafunga?" Nikijibu kwamba nafunga ile ile iliyotoka nayo kiwandani, ya petroli, mazungumzo yanageuka kuwa ushauri. Naambiwa kuna mtu Boma Ng'ombe amefunga dizeli ya Hiace na sasa anapanda Marangu bila wasiwasi. Naambiwa kuna fundi Arusha anamaliza kazi hiyo kwa siku nne.

Nawaelewa. Petroli ni ghali na injini hii inakula: lita moja inakwenda kilomita 5, ukiiendesha kwa upole labda 6. Kwa anayetaka gari la kubebea mzigo kila siku, dizeli ni uamuzi wa busara na siwezi kumbishia. Mimi nina sababu zangu, na nimeona niziandike mara moja zikae mahali pamoja.

Niliinunua 2018 kule Machame. Mwenyewe, mzee wa makamo ya baba yangu, alikuwa akiibebea kahawa na ndizi hadi siku ilipozimika, ikasukumwa chini ya mparachichi, na hapo ikakaa miaka kumi na minne. Kuku walikuwa wanatagia nyuma ya kiti cha dereva. Walionitangulia walitaka kuinunua kwa kilo, kama chuma chakavu, na aliwakatalia wote. Nilipomwamkia na kusema shida yangu, aliniuliza neno moja tu: "Itatembea?" Nikamjibu, "Itatembea, baba." Tukaelewana kwa milioni mbili na laki sita. Mama watoto alijua bei kabla sijalipa, na nashauri kila anayefikiria kazi ya namna hii afanye hivyo hivyo, kwa sababu miaka inayofuata fedha itatoka kidogo kidogo na nyumba nzima itaiona ikitoka.

Nilifungua kila kitu mwenyewe, Jumamosi na likizo za shule. Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba spana zangu za milimita hazifai. Gari hili ni la inchi: 7/16, nusu, 9/16. Spana ya 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi ukadhani imekaa, kumbe ina nafasi, na nati iliyolala na kutu miaka kumi na minne ukiizungusha hivyo unaivua pembe. Nilisubiri hadi nikapata seti ya inchi iliyotumika pale Gerezani, Dar. Kila nati niliilowesha dizeli usiku kucha kabla ya kuigusa.

Halafu nikafika kwenye milango, na hapo ndipo gari lilipokutana na kazi yangu, kwa sababu mimi nafundisha kemia. Watu husema Land Rover haiozi kwa kuwa bodi yake ni alumini. Ni kweli nusu. Mwaka 1948 gari hili lilipoanza kuuzwa, chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, ndiyo maana bodi ikatengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini na magnesiamu. Lakini fremu za milango, ukuta ulio mbele ya miguu ya dereva na chasisi yote ni chuma. Alumini na chuma vikigusana na maji yakapita kati yao, umeshatengeneza betri. Katika mfululizo wa utendaji, yaani orodha ya metali kuanzia iliyo nyepesi zaidi kuunguliwa na kemikali, alumini iko juu ya chuma, kwa hiyo yenyewe ndiyo inayoliwa kwanza. Nilipobandua bati la mlango wa kushoto, unga mweupe ulimwagika kama chokaa, na pembeni bati lilikuwa limetoboka matundu. Nililibeba darasani. Kidato cha tatu walilipitisha mkono kwa mkono, na somo ambalo kila mwaka nalichora ubaoni kwa bika na waya walilielewa kwa dakika kumi. Sasa kila mahali metali hizi mbili zinapokutana napiga praima ya zinki pande zote, naacha ikauke vizuri, naweka utepe wa mpira katikati, kisha ndiyo napiga riveti.

Chasisi ilinichukua miaka miwili. Ni boksi la bati nne zilizochomelewa, lenye uwazi ndani, na tope la barabara za migombani huingia humo na kukaa. Kwa nje ilionekana nzima. Niligonga kwa nyundo ndogo kutoka mbele kwenda nyuma nikisikiliza: palipo pazima panalia kama kengele, palipooza panatoa sauti ya debe lenye mchanga. Boriti ya nyuma, ile inayobeba ndoano ya kuvutia, ilikuwa imeisha kabisa. Mabawa mawili yanayoshika bodi pia. Tuliyakata na kuchomelea mapya kwa bati la milimita 3, mzee mmoja fundi wa Majengo akichomelea, mimi nikipima mshazari kwa kamba kila baada ya pointi chache ili fremu isipinde kwa joto. Alikuwa ananiambia, "Mwalimu, pima tena," hata pale nilipokuwa nimeshapima mara mbili. Alikuwa sahihi.

Sasa injini. Namba ya chasisi nilipoisafisha ikasomeka, nikawaandikia jumba la makumbusho la magari la Gaydon, Uingereza, wanaotunza vitabu vya kiwanda. Ukilipa ada wanakutumia cheti. Cheti kikaja: kiwanda cha Solihull, 1966, rangi ya kijani iliyokolea, na namba ya injini. Nikatoka nayo nje na tochi. Namba iliyogongwa kwenye bloku ni ile ile. Miaka hamsini na kitu ya milima, kahawa na mafundi wa kila aina, na hakuna aliyeitenganisha injini hiyo na chasisi yake. Mimi nisingeweza kuwa wa kwanza.

Lakini si hisia peke yake. Kufunga dizeli kubwa unakata viti vya injini kwenye chasisi, unatengeneza bati la kuunganishia gia boksi, na nguvu ya ziada inashukia kwenye ekseli za nyuma ambazo tangu zamani zinajulikana kwa kukatika. Ukishakata, umekata. Ile ya petroli ni silinda nne, ujazo wa cc 2286, inabana hewa na petroli 7 kwa 1 tu, kwa hiyo haichagui petroli, na kila kitu ndani yake kinafikika kwa mkono. Kisafisha hewa chake ni bakuli la oili, vumbi linanasa humo, unaosha na kumimina oili mpya. Pistoni zilikuwa zimegandamana. Nilizimiminia dizeli na hidroliki wiki tatu, nikagonga kwa gogo la mti laini. Silinda zilichongwa, zikaingia pistoni zilizozidi upana kwa 0.020 ya inchi, na valvu nikaziseti kwa nafasi ya 0.010 ya inchi injini ikiwa imepata moto.

Iliwaka Novemba 2023. Mwezi uliofuata kijana wa umeme akafunga betri kama anavyofunga kila gari, hasi kwenye bodi. Gari hili ni la zamani, chanya ndiyo inayokwenda kwenye bodi. Dainamo ilipopandisha umeme, kontakti za kidhibiti chaji zikashikana na kuungua. Kosa ni langu; sikumwambia. Nimepaka rangi nyekundu kwenye bolti ya bodi na kuandika CHANYA kwa herufi kubwa.

Oktoba 2024 Land Rover zilipojaa Arusha kwenye tamasha, nilikwenda kwa Coaster na nikashinda siku nzima nikiinama chini ya magari ya watu, nikitazama jinsi walivyopitisha bomba za breki.

Zangu nimeshazipinda, zote mpya. Kilichobaki ni masta silinda ya breki, sakafu, na mlango wa kulia ambao fremu yake bado iko mezani. Mzee wa Machame hupiga simu kila mwezi. Juzi nilimwekea simu karibu na injini ikiwa inazunguka polepole. Alikaa kimya, kisha akasema tapeti ya tatu, ile inayosukuma valvu, inalia. Nimeipima. Ilikuwa imelegea.