Hita ya bamdogo

Juzi binti yangu kaniuliza, baba hiki kidude cha bluu na nyekundu kwenye dashibodi kazi yake nini, nikamwambia cha kuleta joto, akacheka mpaka akashika tumbo. Joto? Tanga hii? Sikumlaumu, mwezi wa pili hapa hata feni ya chumbani inapuliza moto. Ila mimi akili ikaenda kwa bamdogo na Hilux yake, ile ya dizeli, mlango wa kushoto unafungwa na kamba.

Bamdogo alikuwa anashusha kabichi na karoti kutoka Lukozi, kule milimani Lushoto, anatembea usiku ili alfajiri awe sokoni. Asikwambie mtu, Lushoto mwezi wa sita na wa saba ni baridi ya kweli, na mkiwa watatu mbele mnapumua kioo kinashika ukungu kwa ndani, waipa haikusaidii maana maji yako huku kwenu. Yeye alikuwa anapaka sabuni, anapangusa na kitambaa, mkono mmoja kwenye usukani, na zile kona za Soni kushuka Mombo mnazijua, huku mwamba huku korongo. Siku tairi ilipokanyaga ukingo akafika Tanga hajala, akasema hita itengenezwe, basi.

Gereji ya Ngamiani walimcheka. Mzee, unataka kuoka mikate humo ndani? Fundi mmoja tu, mtu mzima, ndiye aliyekubali. Kufungua boneti tukakuta mipira ya hita imeunganishwa yenyewe kwa yenyewe, maji yanazunguka yanarudi kwenye injini bila kuingia ndani. Maana hita haina maajabu, ni maji yale yale ya moto ya injini yanapitishwa kwenye rejeta ndogo nyuma ya dashibodi, feni inapuliza, mnapata joto la bure. Wakarudishia mipira, wakawasha: wa kuingia vuguvugu, wa kutoka baridi. Imeziba. Miaka yote gari inajazwa maji ya bomba, kulanti, ile dawa ya rejeta ya kuzuia kutu, haiijui, kutu imejaa. Wakaisukuma maji kinyumenyume kupitia tundu la kutokea, yakatoka mekundu mazito mpaka yakawa masafi.

Na bado joto hamna!

Ndipo fundi akafungua nyumba ya thamostati, kile kimlango kinachozuia maji yasiende rejeta mpaka yapate moto. Tupu. Kuna mtu huko nyuma aliitoa akatupa, si mnajua wenyewe, nchi ya joto hii thamostati ya nini. Kumbe bila hiyo maji yanakimbilia rejeta kubwa kabla hayajapata moto, injini haichangamki, dizeli inanywewa, na hita inapuliza upepo tu. Ikanunuliwa mpya, imegongwa namba 82, yaani nyuzi joto za kuanza kufunguka, na fundi hakuiamini hivi hivi, akaifunga waya akaizamisha kwenye sufuria ya mama ntilie wa jirani tuione inavyofunguka. Ilifunguka. Mama ntilie akasema sufuria hiyo sasa ni yenu, nipeni hela yangu.

Halafu ikaja kujaribu. Ijumaa, saa nane mchana, bamdogo katoka msikitini na kanzu yake nyeupe. Fundi akasema pandisheni vioo. Tukakaa watatu, mimi katikati, gia katikati ya magoti, injini inanguruma. Mwanzo ukaja upepo wa kawaida wenye harufu ya vumbi na vitunguu vilivyooza. Mshale wa temprecha ukaanza kunyanyuka, polepole, na upepo nao ukabadilika, vuguvugu, halafu moto kabisa. Jasho la fundi linadondoka kutoka puani mpaka kwenye spana aliyoiweka mapajani, anapangusa, linadondoka tena. Kanzu ya bamdogo imemganda mgongoni. Nje watoto wamejaa wanachungulia, mama mmoja anagonga kioo anauliza mmefungiwa? Hakuna aliyemjibu. Bamdogo kaweka viganja viwili mbele ya tundu la hewa, macho kafumba, anasema Alhamdulillah, Alhamdulillah, na mimi natamani kufa.

Safari iliyofuata kioo kikafunguka kuanzia chini kwenda juu, nikaona taa za Soni zote. Nikajua tumemaliza.

Wapi. Baada ya muda naona anaizima, anashusha kioo, baridi yote inaingia. Bamdogo vipi? Anasema joto linambembeleza, macho yanafunga, afadhali apanguse kioo na sabuni kuliko kulala kwenye kona. Nikabishana naye mpaka Mombo. Huwa nawaza labda mzee alikuwa sahihi, labda ubishi tu, maana angeweza pia kutosafiri usiku na hilo hakutaka kulisikia.

Hilux akaja kuiuza, hita inafanya kazi, thamostati ipo. Aliyenunua mtu wa Pangani, anabebea nazi. Jamani, Pangani!