Redio ya jiwe: haili umeme, haitoi mluzi, haipati joto

Ukitaja Wajerumani na vita hapa Tanga, mazungumzo huishia kwa nyuki waliowauma askari kwenye mapigano ya Novemba 1914. Leo tuwaache nyuki wapumzike. Twende vita vya pili vya dunia, kwenye visiwa vya Jersey na Guernsey, vilivyo karibu na pwani ya Ufaransa lakini chini ya taji la Uingereza. Wajerumani walivikalia kuanzia mwisho wa Juni 1940 hadi Mei 1945. Visiwa vidogo, askari tele, msitu wa kujificha hakuna. Mwenye kutaka kupinga alipinga akiwa chumbani kwake, tena kwa sikio.

Juni 1942 ikatoka amri: redio zote zisalimishwe. Wapo walioficha zao, lakini redio ya valvu, zile taa za kioo za kukuzia sauti, ni mzigo kwa mtu anayejificha. Inataka umeme, inapata joto, na ile ya mtindo wa mrejesho, inayorudisha sauti iliyokuzwa ikuzwe tena, ukiikaza kupita kiasi hugeuka kuwa mtambo wa kurusha, ikapiga mluzi kwenye redio ya jirani. Redio ya jiwe haina hayo. Nguvu yake yote hutoka kwenye mawimbi yenyewe, na inaingia ndani ya kopo la kakao.

Fundi yeyote wa Ngamiani anayesuka mota ataimaliza kwa mchana mmoja. Chukua bomba la plastiki la kipenyo cha sentimita 7.5, uzungushie mizunguko 100 ya waya wa shaba wenye vanishi, unene milimita 0.5, mizunguko ikibanana bila kupandana. Zitakwenda mita 24 hivi. Acha moja zaidi ya kuungia. Piga msasa mstari mmoja tu juu ya koili, upana wa nusu sentimita, kisha funga ulimi wa bati uteleze juu ya mstari huo. Antena iende kwenye mwanzo wa koili, ulimi uende kwenye erthi. Kutoka pale pale penye antena, toa waya uende kwenye jiwe, kutoka kwenye jiwe uende kwenye kisikilizio, kisha umalizie kwenye erthi. Basi. Ukisogeza ulimi unatafuta stesheni za masafa ya kati. Wengi huharibu kwenye msasa: ukikandamiza sana, shaba ya mzunguko mmoja humwagikia wa pili, na koili inakuwa imejifunga yenyewe.

Jiwe ni galena, madini ya risasi na salfa, yenye kung'aa kama risasi iliyokatwa sasa hivi. Likaze ndani ya kikombe kidogo cha bati kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Usilichomelee kwa lehemu ya kawaida, joto hulipofusha. Juu yake inagusa ncha ya waya mwembamba wenye kunesa, kwa wepesi kabisa, na unatafuta doa moja moja mpaka sauti itoke. Hapo ndipo penye udhia. Ukilishika kwa vidole, mafuta ya ngozi yanaziba madoa mazuri. Mlango ukibamizwa, ncha inahama, na taarifa ya habari haikusubiri. Wasio na jiwe wana njia nyingine: wembe uliobabuliwa motoni ukawa wa buluu, na kipande cha risasi ya penseli kilichofungwa kwenye pini. Askari wa Marekani walisikiliza hivyo kule Anzio, Italia, mwaka 1944.

Kazi ngumu ni antena. Inataka mita 20 hadi 30, tena juu, na antena ndiyo inayoonekana na kila apitaye njia. Waya wa kuanikia nguo hauulizwi maswali, ila vishikio vyake viwe vikavu, maana kamba mbichi hula sauti. Erthi ni bomba la maji. Kwetu hapa, pale Raskazone penye mwamba wa matumbawe, ardhi hukauka wakati wa kaskazi. Pigilia chuma cha mita moja na umwagie maji ya chumvi, la sivyo utasikia mbu tu.

Kisikilizio kizuri kina omu 2,000 (kipimo cha ukinzani wa umeme). Cha simu kina makumi tu, sauti hupungua lakini maneno hushikika, na ndiyo sababu vibanda vya simu kule visiwani vilianza kupoteza visikilizio vyake. Kwa anayejaribu leo: visikilizio vya simu ya mkononi havifai peke yake, weka transfoma ndogo ya sauti katikati, upande wenye waya mwingi utazame jiwe. Badala ya jiwe tumia diodi ya jemaniamu, kijipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Ya silikoni uliyong'oa kwenye chaja inataka karibu volti 0.6 kabla haijafunguka, na antena yako haina hizo.

Kusikia ni nusu ya kazi. Habari lazima itembee. Guernsey, kuanzia 1942, Charles Machon na wenzake wanne, Frank Falla mmoja wao, walipiga taipu habari za BBC kwenye karatasi nyembamba ya kufungia nyanya. Wembamba ule ulikuwa na maana: kwa karatasi ya kaboni, pigo moja la herufi hupenya karatasi nyingi, ingawa nakala za chini hufifia. Hatari ni kwamba kila mashine ina kilema chake, herufi iliyopinda au iliyolika, na anayelinganisha karatasi ataitambua.

Haikuwa taipu wala antena iliyowaponza. Februari 1944 walichongewa na kukamatwa, wakapelekwa magereza ya Ujerumani. Machon alifia huko mwaka huo huo, na Joseph Gillingham naye hakurudi.