Nani anamlipa nani? Muhula wangu wa kilimo Wageningen

Mama hakuniamini. Ilikuwa Oktoba 2022, nimesimama nje ya hosteli, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, namweleza kwamba mkulima niliyemtembelea siku ile ana samadi nyingi mpaka analipa watu waje na lori kuichukua. Mama akanyamaza. Nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza polepole: "Samadi atoe yeye, na hela atoe yeye?" Nikamwambia ndiyo, mama. "Basi hao wana shida kubwa kuliko yetu," akasema, halafu akaniuliza kama nimekula.

Kwetu ni Mwika, Kilimanjaro. Nimekulia kwenye kihamba cha migomba na kahawa, na ng'ombe wawili wa ndani. Samadi kwetu haikuwahi kutosha. Mama alikuwa akiigawa kwa ndoo, na alijua mgomba upi ulipata mwaka jana na upi umengoja zamu yake. Nilipofika SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, nikachagua masomo ya udongo, na kila jaribio tulilofanya shambani lilikuwa na swali lilelile: mmea umekosa nini, tuuongezee nini. Darasani tulisoma Azimio la Abuja la 2006, ambalo nchi za Afrika zilikubaliana kufikisha kilo 50 za virutubisho vya mbolea kwa hekta. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mahali ambapo naitrojeni, kirutubisho kikuu cha samadi na mbolea, inahesabiwa kama uchafu.

Nilikwenda Wageningen, Uholanzi, kwa muhula mmoja wa kubadilishana wanafunzi, mwaka wangu wa tatu. Ni mji mdogo kando ya mto Rhine, na shule ya kilimo iko pale tangu 1876. Uholanzi nzima ni ndogo kuliko Mkoa wa Morogoro peke yake, jambo ambalo nililikumbuka kila nilipoona jinsi walivyotumia kila kipande cha ardhi. Masomo yanakwenda mbio. Mwaka umekatwa vipindi sita, na kipindi cha kawaida kina kozi mbili tu, moja asubuhi, nyingine mchana. Baada ya wiki nane umeshafanya mtihani, unaanza kitu kingine. Wanafunzi wanawaita walimu kwa jina la kwanza. Mimi nilishindwa. Nilisema "Profesa" mpaka siku ya mwisho, naye alizoea.

Fedha za kujikimu zilichelewa wiki kadhaa. Mwenzangu kutoka Ghana alinikopesha bila kuniuliza nitalipa lini, na tulikula wali na mayai mpaka zilipoingia. Sitamsahau.

Siku niliyojiona nimefika hasa ni siku ya kutoboa udongo. Ukitoka Wageningen kwa baiskeli, ndani ya muda mfupi unapita udongo wa mfinyanzi wa kando ya mto, halafu mchanga wa kwenye miinuko, halafu bondeni unakuta udongo mweusi wa majani yaliyooza majini. Tulikuwa na chuma kirefu chenye mpini. Unakizungusha, kinazama, kinapanda na udongo wake. Mwalimu akasema tukadirie kiasi cha mfinyanzi kwa mkono. Wenzangu walitazamana. Mimi nilitema mate kiganjani, nikakanda, nikausokota ukawa kamba, nikaukunja kidoleni kuona utakatikia wapi. Ndivyo tulivyofundishwa Morogoro, kwa sababu ukiwa shambani maabara iko mbali. Nikataja makadirio yangu. Majibu ya maabara yalipotoka, nilikuwa karibu sana. Kuanzia hapo kundi letu likawa linaniletea udongo niushike kwanza.

Pale Wageningen pia kuna makumbusho ya udongo ya dunia, chini ya taasisi ya ISRIC iliyoanzishwa 1966. Wamekata udongo wima kama mkate, kutoka juu mpaka chini, wakaugandisha na kuusimamisha ukutani. Wana vipande zaidi ya 1,000 kutoka nchi nyingi. Nilikaa saa mbili mbele ya udongo mwekundu wa nchi za joto, nikataka kuugusa, nikazuia mkono.

Sasa nirudi kwa mkulima. Shamba lake lilikuwa kwenye bonde linaloitwa Gelderse Vallei, ng'ombe wa maziwa mia na kitu. Njia nzima ya kwenda huko bendera za Uholanzi zilikuwa zimetundikwa kichwa chini. Ilikuwa alama ya wakulima wenye hasira. Mwaka 2019 mahakama yao ya juu ya utawala iliamua kwamba serikali haiwezi kuendelea kutoa vibali vya miradi inayoongeza naitrojeni karibu na hifadhi, kwa ahadi tu kwamba siku moja itapungua. Juni 2022 serikali ikatoa ramani ya maeneo na kiasi cha naitrojeni cha kupunguza, sehemu nyingine hadi asilimia 95. Kwa mfugaji, asilimia 95 maana yake ni kufunga banda.

Roboti ilikuwa inakamua yenyewe. Ng'ombe anaingia anapotaka, mkono wa chuma unatafuta chuchu, maziwa yanakwenda. Wageni wote walitoa simu kupiga picha. Mimi nilikuwa natazama sakafu. Ina mianya, na kinyesi na mkojo vyote vinadondokea kwenye shimo kubwa chini ya banda, vinakuwa tope moja. Tangu Septemba mpaka katikati ya Februari haruhusiwi kulimwaga kwenye majani yake ya malisho, kwa sababu mvua ya baridi italisomba mpaka majini. Hivyo shimo linajaa miezi yote hiyo. Sheria ya Ulaya inataka samadi isizidi kilo 170 za naitrojeni kwa hekta kwa mwaka. Waholanzi wenye majani mengi walikuwa na ruhusa ya kuzidisha, na mwisho wa Septemba ile ile Umoja wa Ulaya, kule Brussels, ulikuwa umeamua kwamba ruhusa hiyo itaondolewa kidogo kidogo. Inayozidi, unalipa ipelekwe.

Nilikuwa nimekwenda pale nikiwa upande wa hifadhi. Wiki moja kabla tulikuwa Veluwe, kwenye nyika na misitu, tukaonyeshwa jinsi amonia, gesi yenye naitrojeni, inayopaa kutoka mabandani inavyotua na kurutubisha mahali ambapo hapakutaka rutuba. Nyasi zinafunika maua ya asili. Udongo unakuwa mchachu, chokaa inapotea, konokono wanaadimika, na ndege wadogo wanataga mayai yenye maganda mabovu. Nilihuzunika kweli. Kisha nikasimama mbele ya mzee huyu na kijana wake, ambaye hakujua kama atarithi kitu, nikahuzunika tena. Sikuweza kuchagua mmoja wa kumlaumu, na mpaka leo siwezi.

Mzee aliniuliza kwetu tuna ng'ombe wangapi. Nikasema wawili. Hakucheka. Akauliza wanakula nini. Nikamtajia: migomba iliyokatwa, majani ya kando ya mfereji, na mabua ya mahindi kutoka shamba letu la chini, upande wa Himo, ambayo mama na shangazi wamebeba kichwani tangu sijazaliwa. Akatikisa kichwa, akanionyesha ghala lake la chakula. Sehemu ya protini mle ni soya kutoka Brazil, imeshuka bandarini Rotterdam. "Basi na ninyi chakula chenu kinatoka mbali," akasema.

Neno lile lilinikaa. Tulikuwa na kazi ya kozi: chora mpaka wa shamba, andika kila kinachoingia na kila kinachotoka, kisha tafuta baki. Nikamwomba profesa nifanye la nyumbani, akakubali. Nilimpigia mama jioni baada ya jioni. Mizigo mingapi ya mabua kila msimu? Magunia mangapi ya mahindi? Mikungu mingapi inapanda lori la Dar pale sokoni Mwika? Mama alijibu yote bila daftari.

Baki lilipotoka nilinyamaza mbele ya kompyuta. Kihamba, hata na ndizi zote zinazokwenda Dar, kilikuwa kinajimudu. Shamba la chini lilikuwa linapoteza kila mwaka. Mahindi yanatoka kwa magunia, mabua yanapanda mlimani yawe samadi, na samadi haijawahi kushuka hata ndoo moja. Miaka yote tumesema udongo wa chini ni mbaya. Kumbe sisi ndio tuliouhamishia kihambani, mzigo kwa mzigo. Soya ya Brazil imejaza shimo la yule mzee kwa njia ileile.

Kuna jambo jingine niligundua na linaniuma zaidi. Bibi alilaza ng'ombe ndani ya nyumba, kwenye matandiko ya majani makavu ya migomba. Mkojo wote ulinywewa na matandiko. Sisi tulipojenga banda la saruji tulijiona tumeendelea, na mkojo ukaanza kutiririka mpaka kwenye mfereji. Lakini karibu nusu ya naitrojeni anayotoa ng'ombe iko kwenye mkojo, na potasiamu sehemu yake kubwa, hiyohiyo ambayo mgomba unaipenda kuliko kitu kingine. Bibi hakuwa na maabara, na hakupoteza tone.

Nilirudi Februari 2023. Kwa mama nilianza na pipa: tukachimba kijifereji nyuma ya banda, mkojo ukaingia humo, na sakafuni tukarudisha majani ya migomba. Hilo alilikubali siku hiyohiyo, kwa kuwa alimkumbuka mama mkwe wake. La pili lilikuwa gumu. Kumwambia mwanamke aliyebeba mabua kichwani miaka thelathini kwamba sasa samadi ishuke chini ni kumwomba afanye safari ile kinyumenyume, tena kwa kuinyima migomba anayoijua mmoja mmoja. Nikamwonyesha ile karatasi yangu ya hesabu. Aliitazama muda mrefu, akaniuliza namba ya mabua ni ipi, nikamwekea kidole.

Kabla ya masika tulishusha viroba kumi na viwili kwa bodaboda. Mama alichagua mistari minne tu, ile ya karibu na njia, akasema mingine ataona kwanza. Mahindi yalipofika magotini alinitumia picha: mistari minne, na ya pembeni yake. Chini aliandika: "Andaa hela ya bodaboda ya mwakani."