Nilikwenda Kununua

Juzi mwanangu kaibuka na daftari langu la mwaka 2016, sijui kalichimbua wapi. "Mama, hivi vimishale ni vya nini?" Nikamwambia ni Kichina. Akacheka, akakimbilia kucheza. Mimi nikabaki na daftari mapajani, macho kwenye neno moja tu: mai.

Vimishale vile ni toni. Kichina sanifu kina nne: ya kwanza inakaa juu haitikisiki, ya pili inapanda, ya tatu inazama kama mtu anayekwepa tawi, ya nne inaporomoka. Mwalimu alikuwa akizichora hewani kwa kidole, nasi tunamfuata kama kwaya. Mai ya tatu ni kununua. Mai ya nne ni kuuza. Kwenye karatasi nilikuwa sikosei.

Siku moja nikajipeleka Kariakoo peke yangu, kwa mzee mmoja wa Kichina anayeuza mabegi. Sentensi niliikariri tangu kwenye daladala: wo yao mai bao. Nataka kununua begi. Zipu ya langu ilikuwa imeanza kunigomea.

Nikaisema. Mzee akaacha kikokotoo chake, akanitazama, kisha akalitazama begi langu begani. Akanyoosha mkono. Nikampa, nikidhani anataka kujua saizi. Akaligeuza, akabonyeza kitako, akavuta zipu, ikakwama palepale inapokwamaga. Akachungulia ndani: madaftari mawili na nusu chapati niliyoifunga kwenye gazeti. Kijana wa dukani, aliyekuwa juu ya ngazi akipanga mizigo, akainama kunitazama.

"Dada, kwani unauza begi lako?"

Ndipo nilipoisikia sauti yangu mwenyewe, mai ikiporomoka kama nazi. Ningesema nimekosea, tungecheka yakaisha. Lakini mwaka wa pili mzima wa Kichina, halafu nikiri mbele ya kijana yule?

"Ndiyo," nikasema. "Nauza."

"Wu qian," akasema mzee. Elfu tano. Namba nilikuwa nazijua vizuri mno. Nikajibu "hao", yaani sawa, kwa toni sahihi kabisa.

Madaftari yakarudi chuo kwenye mfuko wa rambo, enzi hizo bado haijapigwa marufuku. Wenzangu hosteli niliwaambia nimeibiwa. Wakanichangia pole nyingi.

Mtihani wa mazungumzo nilifaulu, tuyaache hayo. Ninayemfikiria ni yule mzee. Begi bovu vile la nini dukani kwake? Kuna siku naona alikuwa ananitania. Siku nyingine naona alimwona mwanafunzi kaishiwa, anauza hadi begi lenye chapati yake. Na boom, pesa ya mkopo wa chuo, kweli lilikuwa limeshakata; wiki ile nilikula kwa elfu tano hiyo hiyo.

Mwanangu karudi, anataka nimsemeshe Kichina. Nikamfundisha kuhesabu.