Kilomita Zangu Katika Daftari la Nyumbani

Jumapili ya pili ya Julai nilitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, baridi ya Nairobi ikiwa imekaza kama inavyokaza kila mwaka mwezi huo, nikarudi saa mbili na robo nikiwa nimekimbia kilomita 28. Tunaishi Zimmerman, orofa ya nne, katika jengo lisilo na lifti. Nilipofika ngazi za orofa ya pili nilisikia mtu akihema juu yangu, nikadhani ni jirani. Kumbe ni mke wangu, mwenye mimba ya miezi sita, amesimama kwenye kona ya ngazi, mkono mmoja kiunoni na wa pili umeshika mpini wa mtungi wa maji wa lita kumi.

Mtaani kwetu maji ya mfereji huja kwa zamu, na juma hilo zamu ilikuwa imetupita. Tangi la jengo lilikauka usiku. Muuza maji wa mkokoteni alifika saa moja, akashusha mitungi langoni na kusema yeye hapandi ngazi kwa bei ile. Mwanetu wa kiume, mwenye miaka mitatu, alikuwa amekojoa kitandani, na shuka zilikuwa zikisubiri ndani ya beseni. Mke wangu alikuwa amepunguza maji ya mitungi mikubwa kwenye ule mdogo ili aweze kuyabeba, na hiyo ilikuwa safari yake ya tatu. Hakunigombeza. Aliniambia tu, “Baba watoto, shika hapa,” akanipa mtungi.

Niliupandisha orofa mbili zilizobaki huku mapaja yakinitetemeka, kwa maana baada ya kilomita 28 miguu huweza kwenda mbele ila kupanda haitaki kabisa. Kisha nikaoga. Maji niliyooga ni yale yale. Nikanywa chai, nikala vipande sita vya mkate, nikajinyoosha kwenye kochi kwa dakika kumi ambazo ziliisha saa saba mchana.

Kazi yangu ni uhasibu, katika kampuni moja ya vifaa vya ujenzi eneo la Viwandani, na huenda ndiyo sababu jambo hili halikunisumbua kama dhambi bali kama hesabu isiyokubali kufungika. Jumatatu, wakati wa chakula cha mchana, nilichukua daftari na kuandika kile ambacho Jumapili ile iligharimu. Ratiba yangu ya mazoezi ilisema saa tatu. Lakini Jumamosi jioni nilikuwa nimekataa tusiende kwa mama mkwe huko Ruiru kwa sababu nilitaka kulala mapema. Hizo ni saa mbili na nusu. Jumapili yenyewe, tangu nilipotoka mlangoni hadi nilipoamka kwenye kochi, ni saa nane kamili. Kwa hiyo kilomita 28 zilikula saa kumi na nusu za nyumba, na kila saa niliyokuwa mbali au nimelala ilikuwa na mtu aliyekuwa macho badala yangu. Kwa miaka sita nilikuwa nimezoea kuwaambia watu kwamba mbio ni mchezo wa bei rahisi, unahitaji viatu tu.

Jioni nilimwonyesha mke wangu ule ukurasa. Nilitarajia kusifiwa kwa uaminifu wangu, nakiri. Aliusoma, akaugeuza kuona kama nyuma kuna kitu, akauliza, “Na wangu uko wapi?” Nikamwambia yeye hakimbii. Akasema hakuuliza kuhusu kukimbia.

Hapo ndipo ilipotajwa kwaya. Mke wangu anaimba sauti ya pili, na tulipooana hakuwa akikosa mazoezi ya Jumamosi alasiri kanisani, mvua inyeshe au matatu zigome. Mimi nilikuwa nimejiaminisha kwamba kwaya yenyewe ilififia, kama vikundi vingi vinavyofifia. Haikufifia. Iliendelea, na hadi leo inaendelea, bila yeye, tangu mwanetu alipozaliwa Machi 2022. Oktoba ya mwaka huo huo mimi nilikimbia marathoni yangu ya kwanza, ile ya Nairobi, kwenye barabara ya Southern Bypass, ambayo kila aliyeikimbia anajua jinsi vilima vyake visivyo vikali huwa havina mwisho. Nilimaliza kwa saa 4 na dakika 23. Medali iko sebuleni, juu ya televisheni. Katika miezi ile ile ambayo mimi nilikuwa nikijenga kilomita zangu, yeye alikuwa akimnyonyesha mtoto Jumamosi alasiri, na hakuna hata siku moja tulipokaa na kuamua kwamba kitu changu kibaki na chake kiondoke. Kiliondoka tu, na kwa kuwa kiliondoka bila kelele, mimi sikukisikia.

Nilijaribu kujitetea kwa Eliud Kipchoge. Inajulikana kwamba kwa miaka mingi aliishi kambini Kaptagat siku za wiki na kurudi kwa mke na watoto mwishoni mwa wiki, na nikasema mtu hawezi kufika popote katika mbio bila familia kuvumilia. Nilipoyasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwangu niliona aibu. Kipchoge alikimbia marathoni ya Berlin mwaka 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9. Ile ilikuwa kazi yake, na kazi hiyo ililisha nyumba. Mimi nililipa ada ya kujiandikisha. Nikahamia kwa Faith Kipyegon, aliyejifungua mwaka 2018 na bado akarudi kushinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 1500 Tokyo na tena Paris. “Kipyegon alizaa mwenyewe,” mke wangu akasema. “Wewe ulizaa nini?” Tulicheka, na kicheko kile kilisaidia, ila swali nililibeba hadi kitandani.

Lazima nieleze jinsi siku ya mkimbiaji wa ridhaa inavyobanwa katika jiji hili, kwa sababu ratiba nyingi za mazoezi tunazozipata zimeandikwa na watu wa nchi zenye kiangazi chenye mwanga hadi usiku. Sisi tuko karibu na ikweta. Jua letu huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano mwaka mzima, na halimwongezei mtu dakika kwa sababu ana mtoto mchanga. Nami nisipopanda matatu saa kumi na mbili asubuhi, foleni ya Thika Road itanipata Muthaiga na nitafika kazini nimechelewa. Kwa hiyo mazoezi ya siku za kazi huanza saa kumi alfajiri gizani, pamoja na mbwa wa walinzi na bodaboda zinazokuja upande usio wao. Jioni nafika nyumbani saa moja na nusu, na hapo kuna kazi za shule za binti yetu wa miaka saba, ambazo chini ya mtaala wa umilisi huwa ni za mzazi kuliko mtoto. Wiki iliyopita tuliunda lori kwa maboksi na vifuniko vya chupa. Lilipata alama nzuri. Nilijivunia kupita kiasi.

Kigari cha kumsukuma mtoto huku ukikimbia, ambacho naona watu wakikitumia katika Msitu wa Karura, kwetu hakifai. Kamiti Road haina njia ya miguu inayostahili jina hilo, na kukishusha orofa nne kila alfajiri kungekuwa mazoezi ya aina nyingine.

Katika mazungumzo yale ya Jumatatu na mengine yaliyofuata (hayakuisha usiku mmoja, na moja lilikuwa kali) tuliamua mambo mawili. La kwanza, sitakimbia marathoni ya mwaka huu ambayo nilikuwa nimeshaanza kuifanyia mazoezi. Nitakimbia kilomita 21. Kwa siku tatu niliona kama nimeshushwa cheo. Kisha nikaona kwamba tofauti ya mbio hizi mbili, kwa mwenye familia, si nusu kwa nusu. Wanga ambao mwili huhifadhi kwenye misuli na ini humfikisha wengi wetu karibu kilomita 30, na baada ya hapo ndipo mtu hukutana na kile wakimbiaji wanachokiita ukuta. Marathoni inadai umzoeze mwili kuukaribia ukuta huo juma baada ya juma, na ni mazoezi hayo yanayomlaza mtu kwenye kochi hadi saa saba mchana. Nusu marathoni haifiki huko. Kwa kilomita 16 au 18 za Jumapili natoka saa kumi na moja na kurudi saa moja, watoto wakiwa bado wamelala au ndiyo kwanza wanaamka, na baada ya kunywa uji ninaweza kufua, kupika na kupanda ngazi na mtungi. Kilomita zimepungua kwa zaidi ya theluthi moja, lakini saa za nyumba zimepungua kutoka kumi na nusu hadi mbili na kitu. Hesabu ya namna hiyo sijawahi kuiona kazini.

La pili lilikuwa daftari. Tulichukua lingine, la kurasa 96, tukalifunga kwa uzi kwenye msumari wa kalenda jikoni. Kila ukurasa una safu mbili. Upande wangu naandika saa, si kilomita. Kilomita ni mambo yangu na saa yangu ya mkononi. Upande wake anaandika anavyotaka. Juma la kwanza aliandika mstari mmoja tu: “Kulala, saa 2, hakuna aliyenigusa.” Juma la pili aliandika kwaya.

Jumamosi ile nilibaki na watoto kuanzia saa nane hadi saa kumi na mbili jioni, na ratiba yangu ilikuwa inanidai kilomita nane za kasi. Sikuzikimbia. Alirudi amechoka, miguu imevimba kidogo, akivuma wimbo ambao sikuujua, na nilipouliza akasema ni mpya, wameufundishwa wakati hayupo, yeye ndiye wa mwisho kuushika. Alisema hivyo bila uchungu. Mimi niliusikia uchungu wake, labda kwa kuwa nilikuwa nimesimama mbele ya medali.

Nimepata pia kilomita chache ambazo nyumba haizilipii hata kidogo. Jumatano sipandi matatu jioni. Nakimbia kutoka kazini hadi nyumbani, kupitia Ngara, Pangani na Muthaiga, kisha naifuata njia ya waenda kwa miguu ya Thika Road hadi Roysambu. Ni kama kilomita 15. Moshi ni mwingi, na wenzangu kazini wameshanipa jina ambalo sitaliandika hapa. Kwenye mkoba mgongoni naweka shati na bakuli la chakula la bati, na mara ya kwanza kijiko kiligonga bati kila hatua kuanzia Viwandani hadi Allsops, kiasi kwamba makanga wa kituo kizima waligeuka kutafuta kengele. Sasa nakifunga kwenye kitambaa. Ajabu ni kwamba, kwa foleni ilivyo, nafika nyumbani dakika kumi kabla ya muda niliokuwa nikifika kwa gari. Dakika hizo kumi nilitaka kuziandika upande wangu kama akiba. Mke wangu alizikata kwa kalamu nyekundu.

Sidai kwamba hesabu hii imeniridhisha kila siku. Kuna alfajiri ninapoona kwenye simu kwamba wenzangu wa kikundi wamekimbia kilomita 32 hadi Kiambu na kurudi, nami hupata wivu wa kitoto kabisa. Nina miaka 38, na sijui kama mwili utanisubiri hadi mtoto huyu wa tatu aanze shule. Mama mkwe, tulipomtembelea hatimaye, alinitazama akauliza ni nani ninayemkimbia. Nilicheka. Yeye hakucheka, akaninyoshea sahani ya viazi.

Mtoto anatarajiwa Oktoba. Mbio ni Novemba, na tumeandika kwa penseli.

Sasa ni saa tatu usiku wa Jumamosi. Viatu viko nje ya mlango kwa sababu vinanuka, saa nimeiweka iamshe saa kumi na nusu, na kesho ni kilomita 16. Zamu ya maji imetufikia usiku huu. Nasikia mtungi wa kwanza ukikaribia kujaa bafuni, sauti yake ikipanda kama mtu anayetafuta ufunguo wa wimbo, na bado kuna minane.