Taa Zimekwenda Wapi? Siku Moja Maishani Mwangu, Mchora Ramani wa Arusha

Mtaani kwetu Njiro nikisema kazi yangu ni kuchora ramani za majengo, swali la kwanza ni kama naweza kumchorea mtu "karamani kadogo tu ka vyumba vitatu", bure, jioni moja. La pili: siku hizi si kompyuta inachora yenyewe? Basi hii hapa Jumanne yangu, muone kompyuta inavyojichorea.

Saa 12:30 asubuhi natoka nyumbani. Mwezi wa saba Arusha ni koti na kofia, mlima Meru hauonekani kabisa. Daladala inasota kwenye kiplefti cha Impala, kondakta na abiria mmoja wanabishania chenji hadi mjini. Saa 2 kasoro niko ofisini. Faili la loji tunayoichora ni zito, likianza kufunguka nashuka kwa mama wa chini kunywa mtori, nikirudi ndiyo kwanza linamalizia.

Saa 2 hadi saa 3 na nusu: kusogeza kuta za bafu, kurekebisha vipimo, kujibu meseji. Hakuna cha kusimulia.

Saa 3:40. Anaingia msimamizi wa mwenye mradi, karatasi za A1 zimeviringishwa kwapani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Binti, mmeninyima taa."

Anatandaza ramani mezani, juu ya kibodi yangu. Kwenye zile picha za rangi tulizomtumia, anasema, kila kitanda kina taa mbili ukutani, na korido nzima ina taa za ukutani. Humu kwenye ramani hakuna hata moja. Tumezitoa ili tupunguze gharama, halafu tofauti iende wapi?

Nikamwambia hakuna aliyetoa taa. Ramani ya sakafu ni jengo lililopitishwa msumeno kwa mlalo, ukaondoa nusu ya juu, ukachungulia. Kwenye Revit, programu tunayotumia hapa, usipougusa huo msumeno unapita mita 1.2 juu ya sakafu. Kilicho chini yake kinaonekana. Kilicho juu kinaondoka pamoja na paa, isipokuwa vitu vichache ambavyo programu imevipa ruhusa, kama madirisha na makabati. Taa haimo. Na taa zake za korido ziko mita 1.9, za kitandani mita 1.4. Zipo ukutani, zimehesabiwa, ila msumeno umepita chini yake.

"Basi si upandishe huo msumeno?"

Kila mtu husema hivyo. Hata mainjinia. Ngoja niwaeleze kwa nini sipandishi. Vyoo vya loji hii vina vidirisha vya juu vinavyoanzia mita 1.8. Msumeno ukipanda hadi mita 2, vidirisha hivyo vinakatwa katikati na kuchorwa sawasawa na dirisha la chumbani, na fundi asiyegeuza ukurasa kuangalia mkato wa ukuta ataacha tundu la dirisha usawa wa macho ya mtu aliyeketi chooni.  Umepata taa, umepoteza jengo. Kuna njia ya kuzungushia kona moja kisanduku chenye mkato wake peke yake, nayo inafaa kweli kwa kona moja. Kwa loji nzima utazeeka.

Wapo pia wanaochora kiduara cha bure juu ya karatasi na kusema hiyo ndiyo taa. Siwezi kuwatukana, najua haraka ya Ijumaa jioni. Lakini kesho ukuta ukisogezwa, kiduara kinabaki palepale kikielea katikati ya chumba, na jedwali la taa halikihesabu. Na bei ya taa inatoka kwenye jedwali.

Nilimweleza yote hayo kwa heshima zote, nikitegemea ataaga. Akavuta kiti. "Nitasubiri," akasema, "nizione kwa macho yangu." Akaagiza chai. Akaanza kupiga simu kwa sauti ya kutangaza msiba: "Ndiyo, niko hapa ofisini kwao, binti anazitafuta taa."

Binti hakuwa anazitafuta taa.

Taa yenyewe tumeshusha kwenye mtandao wa mtengenezaji mmoja wa Ulaya. Ameiunda hadi skrubu za nyuma, faili zito ajabu, lakini alama ya ramani hakuweka. Kwenye ramani ya 1:100, taa inayotokeza sentimita 12 kutoka ukutani inakuwa milimita 1.2 ya karatasi. Hata ingeonekana, isingeonekana. Fundi umeme hahitaji umbo la taa, anahitaji alama: hapa taa ya ukutani, pale soketi, swichi hii inawasha ile.

Kwa hiyo unaifungua familia ya taa, ndivyo programu inavyoliita faili la kila kifaa, unapandikiza ndani yake alama bapa iliyochorwa peke yake. Uzuri wa alama ya aina hiyo ni kwamba ukubwa wake kwenye karatasi haubadiliki, uwe 1:50 au 1:100. Halafu kuna kisanduku kidogo cha kuweka tiki, cha kuiambia alama itunze mwelekeo wake. Ukikisahau, alama inabandikwa ukutani pamoja na taa, na ramani haiioni kamwe. Mwisho, na hapa ndipo wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo huwa wananitazama kama mganga: unachora mstari usioonekana, unaushusha kutoka kwenye taa hadi chini ya ule mkato wa mita 1.2. Hauchapwi, hauonwi na mtu. Kazi yake ni kuguswa na msumeno, ili programu ikubali kwamba taa hii inahusika na ramani hii na ilete alama yake.

Nikahifadhi, nikaipakia kwenye jengo. Korido ikajaa alama. Mzee akasimama. "Alaa! Kumbe zilikuwepo!"

Halafu akainama kwenye skrini. "Na hizi za upande wa magharibi?"

Hazipo. Aliyezipanga huko kabla sijakabidhiwa mradi alikuwa amezigeuza robo duara ukutani. Taa ni mviringo, nani angejua? Lakini mstari wangu unafuata mgeuko wa taa, kwa hiyo badala ya kushuka chini umelala ubavu, mita 1.9 juu, msumeno haujui kama upo. Nikaanza kuzinyoosha moja baada ya nyingine huku mzee akinihesabia kwa sauti. Katikati ya hesabu umeme ukakatika. UPS ikalia, nikahifadhi, tukasubiri jenereta, naye akapata muda wa kutosha kunieleza kuwa zamani watu walichora kwa mkono na taa hazikupotea.

Hilo ni kweli. Mchoraji wa mkono aliweka alama alipotaka, hakuna msumeno wa kumuuliza.

Sijui ilikuwa saa ngapi tulipofika vyumbani. Pembeni ya kitanda kuna soketi sentimita 60 kutoka sakafuni, juu yake swichi, juu ya swichi taa. Ukutani zimepangana vizuri, kila moja na nafasi yake. Ukiziangalia kutoka juu ni nukta moja: alama tatu zimelaliana, doa la wino. Hapo unarudi ndani ya familia, unaweka kipimo kinachokuruhusu kuisogeza alama mbali na ukuta bila kuigusa taa yenyewe, na kijistari cha kuonyesha imetoka wapi. Soketi ikabaki ukutani, swichi ikasogea kidogo, taa ikasogea zaidi.

"Sasa umezitoa ukutani," mzee akasema. "Zitaning'inia hewani?"

"Mzee, hiyo ni alama. Taa iko palepale."

"Fundi wangu hataelewa."

"Fundi wako ndiye atakayeelewa."

Alikaa kimya, akanywa chai iliyokwishapoa. Nadhani hakupenda. Lakini mimi nimewaona mafundi umeme saiti, watu ambao hawajawahi kuigusa Revit, wakipitisha kidole kwenye karatasi yenye vumbi la saruji na kusema "hapa kuna tuwei, hapa moja", tuwei ikiwa swichi za kuwasha taa moja kutoka sehemu mbili. Hao ndio ninaowachorea.

Aliondoka njaa imeshaniishia yenyewe. Makande ya mama wa chini yalikuwa ya mwisho kwenye sufuria. Mchana uliobaki ulikwenda hivi: injinia wa umeme kapiga simu, alama yake ya taa ya ukutani ina msalaba na yangu haina, nikaibadilisha mara moja ndani ya familia, zote zikabadilika. Kidogo nilifurahi. Nikaandika urefu kwa milimita pembeni ya kila alama, nikasahihisha kisanduku cha maelezo ya alama, nikaituma PDF saiti, kisha nikapanda boda hadi karibu na Mnara wa Saa kuprinti. Plota ilikuwa moja, na mbele yangu kuna mtu wa mabango ya kipaimara. Mabango mengi. Miguu ilikuwa inawaka, mgongo ndiyo usiseme, na watu bado wanasema kazi yangu ni ya kukaa.

Giza lilishaingia niliposimama kituoni. Simu ikaita: fundi umeme wa saiti.

"Dada, ramani nimeiona. Hii 1900 unahesabu kutoka wapi? Maana huku chini bado ni zege tupu."

"Juu ya tailizi, fundi. Sakafu ikishamalizika."

"Kuna unene gani unakuja?"

"Saruji na tailizi, jumla sentimita 6."

"Kwa hiyo kutoka kwenye zege natoboa 1960."

"Toboa."