Mvuke ndani ya ombwe hutaka baridi

Pampu ya ombwe, yaani ya kunyonya hewa na mvuke kutoka ndani ya chombo, haipozi mvuke. Kadiri inavyoshusha shinikizo, ndivyo mvuke unavyohitaji baridi kali zaidi ili urudi kuwa kimiminika. Maji ya nyuzi 20 za Selsiasi yana shinikizo la mvuke (msukumo wa mvuke unaotoka kwenye maji hayo) la takriban milibari 23, kwa hiyo ukishusha shinikizo hadi milibari 10, kondensa (kifaa cha kugeuza mvuke kuwa kimiminika) inayopozwa kwa maji ya nyuzi hizo haitakamata hata tone moja. Niliwahi kuona kioo chake kikibaki kikavu huku mafuta ya pampu yakigeuka meupe kama maziwa kwa mvuke uliopita bila kukamatwa, na iliniuma sana. Kilichokosekana ni baridi, wala si nguvu ya pampu: juu ya barafu ya nyuzi 40 chini ya sifuri, shinikizo la mvuke ni takriban milibari 0.13 tu.